Treni za saa moja jioni

Machi 1936, jijini Budapest, mwandishi Frigyes Karinthy alikuwa amekaa peke yake katika mgahawa aliouzoea, Café Central, chai ikiwa mezani. Ilikuwa yapata saa moja jioni. Akasikia treni inaondoka: mngurumo mzito, magurudumu yakijivuta, yakashika kasi, sauti ikapotelea mbali. Ikafuata ya pili, na ya tatu. Akainua uso kutazama dirishani, maana mtaa ule haukuwa na reli. Ilipoondoka ya nne ndipo alipong'amua kwamba stesheni imo kichwani mwake.

Wengi wetu tungepiga mayowe, au tungeificha siri hiyo hadi kaburini. Karinthy, bingwa wa kejeli ambaye Hungaria ilikuwa ikicheka naye tangu 1912 alipotoa kitabu cha kuwaigiza waandishi wenzake, aliangalia saa. Kesho yake treni zikaja tena wakati ule ule. Akawa anazihesabu kama msimamizi wa stesheni. Siku nyingine, kioo kilichokuwa mbele yake kikasogea, kama inchi moja au mbili hivi, kisha kikatulia, na wateja wengine wakaendelea na kahawa zao kana kwamba vioo husogea kila siku. Baadaye yakaja maumivu ya kichwa, kutapika na kuzimia. Nyuma ya fuvu lake, kwenye ubongo mdogo, kulikuwa na uvimbe. Haukuwa saratani.

Yote hayo aliyaandika mwenyewe katika kitabu kilichotoka 1937, ambacho kwa Kiswahili tungekiita Safari ya Kulizunguka Fuvu Langu. Kinachonivuta mimi ni namna alivyozisimulia zile treni: saa ngapi, ngapi kwa idadi, na kwamba baada ya ile ya nne alijua hazipo. Hakuhangaika kutafuta zinakwenda wapi wala zimetumwa na nani.

Sisi tungeanzia hapo hapo. Mtu akisema ameona kitu ambacho wenzake hawakioni, swali letu la kwanza ni, "Umeona nini?" Kama ni nyoka, nyoka ana tafsiri yake. Kama ni marehemu baba, basi marehemu ana dai lake na itafutwe sadaka. Kama ni mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe, hata hamalizi kusimulia, mmoja keshatoka mbio kutafuta ubani. Daktari wa mishipa ya fahamu anakuja na maswali ambayo kwetu yanaonekana ya ajabu, karibu ya kipuuzi. Ulikiona upande gani, kulia au kushoto? Kilikaa sekunde au saa nzima? Kila kikija kinakuja vile vile? Ukifumba macho kinabaki? Na wakati unakitazama, ulijua kwamba ni cha uongo?

Nimefikia kuamini kwamba maswali hayo yana faida kuliko letu. Maruweruwe yanayotokana na uvimbe kichwani hayasemi sana kuhusu mgonjwa, dhambi zake au adui zake. Yanasema kuhusu mahali.

Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, alipopita miaka 80 alianza kutembelewa na watoto. Jua likikaribia kuzama, watoto wadogo wenye kofia walijipanga kwenye ukuta wa sebule, kimya, kimo chao kama cha vibuyu. Mjomba alimleta maalimu, bibi akanywa kombe, nyumba ikafukizwa hadi sisi wajukuu tukatoka nje tukikohoa. Alipelekwa pia kwenye zahanati moja, wakasema ni uzee, wakampa vidonge vya kulala. Bibi mwenyewe hakuwa na hofu. Malalamiko yake yalikuwa mengine: "Watoto gani hawa wasio na adabu? Wanaingia nyumbani kwa mtu, hata shikamoo hawana!" Halafu anacheka. Alijua hawapo. Alikuwa akinyoosha mkono kuwapapasa na kushika chokaa ya ukuta.

Sikujua wakati ule kwamba mzee mwingine, jijini Geneva, alikuwa amewatangulia bibi yangu na watoto wake kwa zaidi ya miaka 200. Charles Lullin, hakimu mstaafu aliyekaribia miaka 90, aliona wanaume kwa wanawake waliovaa vizuri, ndege, magari ya farasi, majengo, na leso ya buluu yenye duara za manjano pembeni iliyofuata kila alikoelekeza macho. Alikuwa mzima wa akili, ila macho yake yalikuwa yamechoka hata baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mjukuu wake, mwanasayansi Charles Bonnet, aliyaandika mambo hayo mwaka 1760, na hali hiyo sasa inaitwa kwa jina la Bonnet. Nasema haki ingekuwa iitwe kwa jina la babu.

Maelezo yake yanaanzia kwenye jambo ambalo tunalisahau: macho yanapokea mwanga tu, lakini kuona kwenyewe kunafanyika kisogoni. Sehemu ya ubongo iliyoko nyuma kabisa ya kichwa, pale mama anapomshikilia mtoto mchanga kichwa kisianguke, ndiyo inayopokea habari za macho. Kutoka hapo habari zinasukumwa mbele kuelekea pande za masikio, ambako nyuso zinatambuliwa, majina ya vitu yanapatikana, na kumbukumbu zinachanganywa humo. Sasa habari zikikatika, iwe ni kwa sababu ya mtoto wa jicho, presha ya macho au mshipa uliobanwa, ubongo haukai kimya ukisubiri. Unajitungia. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la kuwafunga vitambaa vya macho watu 13 wazima kwa siku tano mfululizo. 10 kati yao walianza kuona vitu. Hawakuwa wagonjwa, wala hakuna aliyewaroga.

Hapo ndipo uvimbe unapoingia kwa njia ya kwanza. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, ipo tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere, inaitwa pituitari. Juu yake kidogo ni njiapanda ya mishipa ya macho, ambapo nusu ya nyuzi za kila jicho zinavuka kwenda upande wa pili. Tezi hiyo ikiota uvimbe, na mara nyingi uvimbe wake si saratani, unapanda na kuisukuma njiapanda kutoka chini. Zinazoumia kwanza ni zile nyuzi zinazovuka, na hizo ndizo zinazoleta habari za pembeni. Mtu anaanza kuona kama punda aliyewekewa vikinga macho. Anagonga mabega kwenye fremu za milango. Akivuka barabara, bodaboda inamtokea ghafla ubavuni. Yeye hasemi haoni. Anasema siku hizi watu wanaendesha vibaya. Ni wachache kati yao ambao, katika eneo lile lililokufa, wanaanza kuona picha: mapambo kama ya mkeka, nyuso, watu wasiowajua.

Njia ya pili haina subira kama hiyo. Uvimbe ukikaa juu ya ubongo wenyewe, unausumbua, na ubongo uliosumbuliwa hupiga cheche. Cheche hizo ni kifafa, hata kama mtu haanguki wala hatoi povu. Neno kifafa tumelizoea kwa yule anayedondoka sokoni, lakini kipo kifafa cha sekunde 20 ambacho mtu anakaa kwenye kiti chake, anaona kitu, kinapita, anaendelea na chai. Kikianzia kisogoni, kinacholetwa ni mambo sahili: duara za rangi nyekundu, manjano, buluu na kijani, zinameta au zinazunguka upande mmoja. Kikianzia mbele zaidi, pembeni ya sikio, zinakuja picha zilizokamilika: mtu, chumba cha utotoni, tukio zima, na mara nyingi hisia nzito kwamba haya niliwahi kuyaishi.

Na upande ni upande kweli. Kinachoonekana kushoto kinashughulikiwa na ubongo wa kulia, kinachoonekana kulia na ubongo wa kushoto. Kwa hiyo mama anayesema zile duara zinatokea kushoto kila mara amekwisha kumwelekeza daktari nusu ya kazi: atafute kulia, nyuma.

Nimewahi kukaa pembeni nikaona kipimo cha mambo haya kinavyofanyika, na hakihitaji umeme. Daktari alivuta kiti akakaa mbele ya mgonjwa, magoti yao yakikaribia kugusana. Akamwambia afunike jicho moja kwa kiganja na kumtazama puani, asihamishe macho. Kisha akanyoosha mikono yake pande mbili, kama mtu anayepima kitenge, akawa anachezesha kidole kimoja kimoja. "Kipi kinacheza?" Cha kulia. "Na sasa?" Cha kulia. "Na sasa?" Mgonjwa akanyamaza. Kidole cha kushoto kilikuwa kinacheza muda wote ule, sisi tuliokuwa chumbani tunakiona, yeye hakioni. Uso wake haukuonyesha kwamba amekosa kitu. Hilo ndilo lililonikaa moyoni: anayepoteza upande haoni giza upande huo. Haoni chochote, na haoni kwamba haoni. Nyumbani walikuwa wakimgombeza kwamba anaacha wali nusu sahani.

Zamani maswali haya yalikuwa ndiyo ramani kuu. Picha ya CT ilipigwa kwa mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971 huko London, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Kabla ya hapo mara nyingi mpasuaji alikuwa anafungua fuvu akitegemea zaidi masimulizi, nyundo ya magoti, na picha za eksirei ambazo ubongo hauonekani humo. Jijini Boston, katika kundi la Harvey Cushing, ambaye wengi humhesabu baba wa upasuaji wa ubongo, daktari Gilbert Horrax alichapisha mwaka 1923 makala kuhusu maruweruwe ya macho kama dalili ya kuonyesha uvimbe uko wapi. Aliona kwamba baadhi ya walioota uvimbe karibu na sikio walikuwa wakiona watu na wanyama. Miaka kadhaa baadaye alirudi na mwenzake kuwaangalia wenye uvimbe wa kisogoni. Ebu fikiria: mtu analetwa hospitali akisema anaona wanyama chumbani, na badala ya kumpeleka wodi ya wagonjwa wa akili, daktari anachukua penseli na kuchora fuvu.

Naye Wilder Penfield, huko Montreal, aliipindua hoja hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu, akigusa sehemu moja moja kwa waya wenye umeme mdogo na kuwauliza wanahisi nini. Akigusa nyuma, mgonjwa anaona nyota na rangi. Akigusa pembeni, mara chache, mgonjwa anaanza kusimulia kisa: sauti anayoijua, watu aliowahi kuwaona. Nasema mara chache kwa sababu hadithi hii imekuzwa mno. Katika hesabu aliyochapisha mwaka 1963, kati ya wagonjwa 1,132 ni 40 tu walioletewa matukio ya namna hiyo.

Mwaka 1998 timu ya Dominic ffytche huko London iliwaweka watu wenye maruweruwe ya Bonnet kwenye mashine ya MRI na kusubiri. Aliyeona rangi, sehemu ya rangi iliwaka. Aliyeona nyuso, sehemu ya kutambua nyuso iliwaka. Kwa lugha ya ubongo, watoto wa bibi walikuwa wanaonekana kweli. Tofauti ni kwamba hawakupitia mlangoni.

Kuna njia ya tatu, nadra, nitaitaja na kupita. Mwaka 1922 Mfaransa Jean Lhermitte alieleza habari za mwanamke mzee aliyeona jioni, katika chumba chake, wanyama na watu wenye mavazi ya ajabu, naye akifurahia tu kama anatazama maigizo. Hitilafu ilikuwa kwenye shina la ubongo, karibu na vituo vinavyoongoza usingizi. Uvimbe unaobana shina hilo unaweza kuleta hali ile ile: ndoto iliyochanganya saa, ikaja mtu akiwa macho.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuanza kujipima. Naomba asifanye haraka. Wanaoona visivyokuwapo ni wengi kuliko wenye uvimbe, tena kwa mbali sana. Homa kali huleta maruweruwe, na malaria iliyopanda kichwani tunaijua sote. Mlevi aliyekatishwa pombe ghafla huona wadudu ukutani. Zipo dawa zinazoleta hali hiyo, upo ugonjwa wa akili, upo usahaulifu wa uzeeni wa aina fulani ambao huanza kwa kuona watu wadogo na wanyama. Na kipo kipandauso, ambacho kila mtaa una wagonjwa wake. Kipandauso huchora mstari wa msumeno unaometa, mara nyingi mweusi na mweupe, unaotambaa polepole kwa dakika tano, kumi, ishirini, kisha kichwa ndicho kinafuata kuuma. Zile duara za rangi za kifafa cha kisogoni huja na kuondoka kabla chai haijapoa, na hurudi zikiwa zile zile, pale pale. Kinachowatia wasiwasi madaktari ni kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nacho, kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kuambatana na kutapika, macho yanayofifia, upande unaopotea. Mwenye hayo asisubiri wiki ijayo.

Hata picha ikionyesha kivimbe, si lazima kiwe kile mnachokifikiria. Mbulu, na kwingine Tanzania wanakofuga nguruwe huria, kipele cheupe kwenye picha ya ubongo kinaweza kuwa kiluwiluwi cha tegu aliyeingia mwilini kwa mayai yaliyobebwa na mikono au maji machafu. Huyo naye huleta kifafa cha ukubwani. Matibabu yake ni tofauti kabisa na ya uvimbe, na mpasuaji huenda asihitajike.

Sasa hili neno "usio saratani". Nalisikia likitamkwa kwa furaha kwenye korido za hospitali, familia zikikumbatiana, na sina moyo wa kuwaharibia. Lakini fuvu ni sanduku la mfupa lisilopanuka. Jipu likiota pajani, ngozi inavutika kulipisha. Ndani ya fuvu hakuna cha kupisha isipokuwa ubongo wenyewe. Uvimbe unaojulikana zaidi kati ya hivi unaitwa meninjioma, jina alilolitunga Cushing mwaka 1922. Unaota kwenye utando unaoufunika ubongo, si kwenye ubongo. Kwa hesabu za Marekani, zaidi ya theluthi moja ya vivimbe vinavyoanzia ndani ya kichwa ni vya aina hiyo, wanawake wakipata kama mara mbili ya wanaume. Mara nyingi uvimbe huo hukua polepole mno, milimita moja au mbili kwa mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kuwa nao miaka kumi asijue. Mwingine anapigwa picha kwa ajali ya pikipiki, wanaukuta. Huo mara nyingi unaachwa, unatazamwa kila mwaka. Unaoleta kifafa au kubana macho ndio unaotolewa, na ukitoka wote, maruweruwe mara nyingi huondoka nao.

Kwa kuwa nimewataja wanawake, kuna jambo siwezi kuliruka. Machi 2024 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Ufaransa uliowaangalia wanawake 18,061 waliopasuliwa meninjioma. Waliotumia sindano ya medroksiprojesteroni kwa mwaka mmoja au zaidi, yaani ile sindano ya miezi mitatu ambayo dada zetu wanaiita Depo, walikuwa na uwezekano wa kufikia upasuaji huo uliozidi mara tano ule wa wasioitumia. Takwimu hiyo inatisha mpaka uitazame vizuri: Ufaransa sindano hiyo haitumiki sana, kwa hiyo waliokutwa wameitumia ni wachache mno, na ugonjwa wenyewe ni nadra, kwa hiyo mara tano ya kidogo bado ni kidogo. Hapa kwetu, inakotumika zaidi kuliko huko, mimba isiyotarajiwa nayo ina hatari zake. Mwenye wasiwasi aongee na mhudumu wake wa uzazi wa mpango kabla ya kuacha. Ila aliyeitumia miaka mingi na sasa ana maumivu ya kichwa mapya au macho yanayofifia, aitaje sindano hiyo kwa daktari bila kuona haya.

Nimeshikilia kwamba kinachoonekana au kusikika si hoja, hoja ni wapi na vipi. Uungwana unanidai nitaje kisa kinachonipinga. Mwaka 1997 BMJ hilo hilo lilichapisha ripoti ya daktari wa akili Ikechukwu Azuonye, kuhusu mwanamke aliyekuwa akiishi Uingereza ambaye mwaka 1984 alianza kusikia sauti. Sauti hizo zilimwambia zinataka kumsaidia. Alipewa dawa, zikakoma, kisha zikarudi na kumwambia ana uvimbe kwenye ubongo, na kumtajia mahali pa kwenda kupigwa picha. Alipofika, palikuwa ni kitengo cha CT cha hospitali. Azuonye aliomba kipimo hicho hasa ili kumtuliza, wenzake wakinung'unika kuhusu gharama. Meninjioma ilikuwapo. Baada ya upasuaji sauti zikamwaga na hazikurudi tena. Walitokea waliosema mwili wake ulikuwa umekwisha kuhisi jambo kabla akili haijalipokea, na waliosema alijua tangu mwanzo na alitaka tu matibabu. Mimi maelezo yote mawili hayanitoshi, na sina la tatu. Nakiacha kisa hicho mezani kama kilivyo.

Turudi Budapest. Karinthy alizungushwa kwanza, akatafutiwa sababu nyingine za mambo yake, ingawa mke wake, Aranka Böhm, alikuwa daktari wa akili na mishipa ya fahamu. Kilichomaliza ubishi hakikuwa treni wala kioo. Ilikuwa kurunzi ndogo ya kutazamia ndani ya jicho, chombo kilichokuwapo tangu mwanasayansi Helmholtz alipokitangaza mwaka 1851, na ambacho hata leo kinakaa mfukoni mwa koti la daktari. Ndani kabisa ya jicho, mahali mshipa unapoingia, huonekana duara dogo lililofifia rangi, kingo zake zikiwa wazi kama sarafu. La Karinthy lilikuwa limevimba, kingo zimefutika. Shinikizo la ndani ya fuvu lilikuwa likiusukuma mshipa wa jicho kutoka nyuma. Haliwezi kuigizwa wala kusingiziwa. Angechelewa, angekuwa kipofu.

Na alikuwa njiani kuwa kipofu. Wakati wanampeleka Stockholm kwa reli, treni za kweli safari hii, mwanga ulikuwa umepungua sana. Hapo akaliona jambo ambalo Bonnet alilijua kwa babu yake: alikuwa akiendelea "kuona" nyuso za watu, kumbe akili inazichora yenyewe kutokana na sauti, hatua na vivuli vilivyobaki. Aligundua kwamba hawezi tena kusema ni wapi macho yake yanaishia na ubunifu wake unaanzia. Kwa mtunzi wa hadithi, sijui kama kuna adhabu au zawadi inayomfaa kuliko hiyo.

Mei 1936, Herbert Olivecrona alimlaza kifudifudi na kumfungua kisogo akiwa macho, ganzi ikiwa ya ngozi tu. Karinthy alisikia keekee ikitoboa mfupa wake. Saa zikapita. Katikati ya kazi hiyo akajiona ameondoka mezani, akawa anautazama kwa mbali mwili wake na ubongo wake uliofunuliwa, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nalo lilikuwa ruweruwe, na nalo alilisimulia vile vile: mwanga ulikuwa wapi, yeye alikuwa amesimama wapi. Uvimbe ukatolewa, macho yakarudi, akarudi nyumbani na kuandika. Aliishi miaka miwili tu zaidi. Alifariki Agosti 1938 kwa kiharusi.

Bibi yangu hakuwa na uvimbe wowote. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tuliyajua hayo siku madaktari wa macho walipopita wilayani na mmoja akamuuliza, kabla ya kumuuliza watoto wamevaa nini, kama anaweza kumwona yeye anayemuuliza. Akasema anaona shuka limetundikwa. Walimpasua jicho moja kwanza. Kesho yake tulimkalisha kwenye kiti chake sebuleni, bandeji ikatolewa, akatazama ukuta kwa muda mrefu, sisi sote tumeshikilia pumzi. Kisha akamwita mjomba kwa ukali, akimwonyesha kwa kidole.

"We, Athumani! Huu ufa umeuacha hapa tangu lini?"